iPS, mesenkaima au seli za tishu yenyewe? Namna ya kuchagua seli shina na kiunzi chake

Maandiko mengi ya kuombea fedha za utafiti wa seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine, huanza na seli. Mwandishi ameshaamua atatumia iPS (seli ya kawaida ya mtu iliyorudishwa katika hali ya seli shina), ndipo anaanza kutafuta ugonjwa wa kuipachika. Kwa mpangilio huo hela za mradi huisha kabla jibu halijapatikana. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: unataka kutengeneza tishu itakayokaa mwilini mwa mtu, au unataka kuuweka ugonjwa kwenye sahani ya maabara uutazame ukifanya kazi yake? Kazi hizo mbili hutumia inkubeta zilezile na msamiati uleule, lakini seli inayofaa kwa moja mara nyingi haifai kwa nyingine. Na kiunzi, yaani ile maada ambamo seli hukaa na kujishikiza, si jambo la kuachiwa mwishoni, kwa sababu nacho huamua seli itakuwa nini.

Namwandikia mwanafunzi wa uzamili au daktari aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bukavu, mwenye nafasi ya kwenda maabara ya nje kwa muda au anayejaribu kuanzisha ya kwake nyumbani. Kwa hiyo pamoja na sayansi nitagusa umeme, jokofu na muda, maana hivyo ndivyo vinavyoua miradi mizuri.

Seli za kiinitete na seli za iPS

Mwaka 1998 James Thomson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walipata koo za kwanza za seli shina (ukoo ni kundi la seli za chanzo kimoja linaloendelea kuzaana maabarani) kutoka viinitete vya binadamu vya siku chache, vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi na kutolewa kwa ridhaa ya wenyewe. Seli hizo zinaweza kugawanyika bila kuchoka, na zinaweza kugeuka kuwa tishu yoyote ya mwili. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Kyoto wakaonyesha njia nyingine: ukiziwashia seli za kawaida za panya jeni nne tu, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, zinarudi katika hali inayofanana na ya kiinitete. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Hizo ndizo iPS. Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, ambaye miaka 50 kabla yake alikuwa ameonyesha kwa vyura kwamba kiini cha seli iliyokwisha kukomaa bado kina maelekezo yote ya kujenga mwili mzima.

Ukiziweka bega kwa bega, uwezo wao unakaribiana sana. Tofauti ya maana ni kwamba iPS inabeba jeni za mtu unayemjua. Kijiko kimoja cha damu ya mgonjwa kinatosha. Jeni zile nne huingizwa, siku hizi mara nyingi kwa virusi vya Sendai ambavyo havijichomeki kwenye DNA na baadaye hupotea vyenyewe, na baada ya wiki tatu au nne makundi ya seli mpya huanza kuonekana. Kisha yanafuata majaribio ya miezi kadhaa kuthibitisha kwamba ulichonacho ndicho unachodhani unacho. Kama lengo lako ni kuuiga ugonjwa wa kurithi, hapa hakuna mjadala mrefu: iPS inashinda. Unaweza hata kusahihisha jeni yenye kasoro katika nusu ya seli kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, ukabaki na jozi ya seli zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa herufi ile moja. Ulinganisho safi kama huo huupati kwa kuwalinganisha wagonjwa wawili.

Kwenye tiba mambo hugeuka. Wengi hudhani kwamba seli ya mgonjwa mwenyewe lazima iwe bora kwa kuwa kinga ya mwili wake haitaikataa. Mwezi Septemba 2014, huko Kobe, Japani, timu ya Masayo Takahashi ilimpandikizia mwanamke mwenye umri wa miaka 70 na ushei tabaka la seli za retina lililotengenezwa kutoka iPS zake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Mgonjwa wa pili alikuwa anasubiri, lakini seli zake zilipochunguzwa zikakutwa na mabadiliko ya jeni, kazi ikasimamishwa mwaka 2015. Iliporudi mwaka 2017 ilitumia seli za wachangiaji zilizokwisha kuhifadhiwa na kupimwa. Funzo ni la kiuchumi na la kitabibu kwa pamoja. Kila mgonjwa anapotengenezewa seli zake, kila mgonjwa anakuwa mradi mpya unaohitaji kuthibitishwa upya, ilhali ukoo mmoja wa seli uliopimwa vizuri unaweza kuhudumia wengi. Ndiyo maana jaribio lililozungumzwa sana mwaka 2025, la kisukari cha aina ya kwanza, lilitumia seli za kutoa insulini zilizotengenezwa kiwandani kutokana na ukoo mmoja: kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji tena sindano za insulini baada ya mwaka mmoja. Gharama yake ni dawa za kutuliza kinga, ambazo mgonjwa anaendelea kuzimeza. Kwa mtu anayeishi mahali penye kifua kikuu na malaria, gharama hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye makala ya kisayansi.

Hatari inayozikumba seli za kiinitete na iPS kwa pamoja ni uvimbe uitwao teratoma. Ukipandikiza seli ambazo baadhi yake hazijageuka kuwa tishu uliyokusudia, hizo zitaendelea kuota zinavyotaka.

Na zote mbili ni ngumu kulea. Midia, yaani majimaji yanayozilisha seli, hubadilishwa karibu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Chini ya darubini, kundi lililo salama lina ukingo laini, seli zimebanana kama kitu kimoja, na kila seli ina kiini kikubwa kuliko eneo linalokizunguka. Ukiona ukingo umechanika, seli za pembeni zimetambaa na kujinyoosha, au katikati pamekuwa na rangi ya kahawia, eneo hilo limeshaanza kugeuka na lazima ulikwangue kwa ncha ya pipeti kabla halijaambukiza sahani nzima tabia hiyo. Kromosomu nazo zichunguzwe kila baada ya muda, hasa kipande cha mkono mrefu wa kromosomu ya 20, kwa sababu seli zilizojiongezea kipande hicho hukua haraka zaidi na kuzimeza nyingine bila kelele. Usipokuwa na mtu wa kupokezana naye zamu, usianze.

Seli za mesenkaima: rahisi kukuza, na zimesifiwa kupita kiasi

Hizi ndizo zinazopatikana kirahisi kuliko zote. Alexander Friedenstein wa Moscow alizieleza kutoka kwenye uloto wa mifupa kuanzia miaka ya 1960, na mwaka 1991 Arnold Caplan akazipa jina la seli shina za mesenkaima. Leo zinatolewa pia kwenye mafuta ya mwili na kwenye kitovu cha mtoto baada ya kuzaliwa. Njia ya kuzipata haina ushirikina: weka seli za uloto kwenye chupa ya plastiki, osha zile zinazoelea, zinazobaki zimeng'ang'ania chini ndizo mwanzo wako. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha tiba ya seli kiliweka vigezo: zishike plastiki, ziwe na protini za utambulisho (alama) za CD73, CD90 na CD105, zikose alama za seli za damu, na ziweze kugeuka kuwa mfupa, mafuta na gegedu.

Kwa mfupa na gegedu ninazipendekeza, hasa kwa maabara inayoanza. Midia yake si ghali kama ya iPS, hubadilishwa mara mbili au tatu kwa wiki, na kosa la siku moja haliangamizi kazi ya miezi. Ubaya wake ni kwamba huchoka. Baada ya kuhamishwa kutoka chupa hadi chupa mara kadhaa huanza kupanuka, kupunguza mwendo, na kupoteza uwezo wa kutengeneza gegedu kabla ya mwingine wote. Pia seli za mchangiaji mmoja hazifanani na za mwingine, kwa hiyo matokeo yaliyotoka kwa mtu mmoja hayatoshi kuandikia makala. Kwa kuiga magonjwa ya ubongo, moyo au ini, ziache. Makala zinazodai zimegeuka kuwa neva mara nyingi zimeonyesha alama mbili tatu za neva na umbo lililonyooka, ambavyo havitoshi.

Nikisema zimesifiwa kupita kiasi, simaanishi hazina kazi. Mwezi Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya seli za mesenkaima, kwa watoto ambao seli za uloto waliopandikizwa zinaushambulia mwili wao na dawa za steroidi zimeshindwa. Hapo hazijengi tishu yoyote. Hutoa kemikali zinazotuliza kinga. Caplan mwenyewe mwaka 2017 aliomba zisiitwe tena seli shina, kwa sababu hiyohiyo.

Ila jina limeshaenea, na kliniki za biashara zinalitumia kuuza sindano za magoti, uti wa mgongo, usonji na upofu. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha wanawake watatu wa Florida waliodungwa ndani ya macho yote mawili seli zilizotolewa kwenye mafuta yao, wakiwa wamelipia. Walikuwa wakiona kiasi. Baada ya sindano wakapofuka au kukaribia kupofuka. Kama kuna ndugu yako anayechangisha hela aende nje kwa tiba ya namna hiyo, muulize jambo moja: je, anadaiwa alipe ili kushiriki jaribio? Kwa kawaida jaribio halali la tiba mpya halimtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa.

Seli shina za tishu yenyewe: hazitajwi sana, lakini ndizo zilizokwisha kuponya

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Seli shina za damu zilithibitishwa na James Till na Ernest McCulloch wa Toronto mwaka 1961, na upandikizaji wa uloto ndio tiba ya seli shina iliyookoa maisha mengi kuliko nyingine yoyote. Ngozi ikafuata. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald walipata njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu juu ya tabaka la seli za panya zilizozuiwa kugawanyika. Miaka michache baadaye watoto wawili wa Marekani, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, walifunikwa kwa shuka za ngozi zilizooteshwa kutoka vipande vidogo vya ngozi yao iliyobaki, wakaishi. Halafu jicho: Graziella Pellegrini na Michele De Luca wa Italia walianza mwaka 1997 kuotesha seli shina zinazokaa kwenye mpaka wa konea na sehemu nyeupe ya jicho, wakawarudishia uwezo wa kuona watu walioungua macho kwa kemikali. Tiba hiyo, Holoclar, ilipata kibali cha Umoja wa Ulaya mwaka 2015, ikiwa ya kwanza ya seli shina kupata kibali huko.

Kisa kinachoonyesha nguvu ya njia hii ni cha mtoto wa miaka 7 aliyelazwa Bochum, Ujerumani, mwaka 2015. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi ambao ngozi haishikamani na kilicho chini yake, kwa sababu jeni ya LAMB3 ina kasoro. Sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imeshatoka na tiba zote zilikuwa zimeshindikana. Walichukua kipande cha sentimita 4 za mraba kutoka mahali palipokuwa bado pazima, wakakipeleka Modena, Italia. Huko jeni nzima ikaingizwa kwa kirusi, seli zikaoteshwa, na zikarudi Bochum kama shuka zilizofunika asilimia 80 hivi ya mwili, karibu mita za mraba 0.85. Shuka za mwanzo zilioteshwa juu ya plastiki na nyingine juu ya fibrini, protini ileile inayogandisha damu. Zote zilishika. Ila shuka ya plastiki lazima uibandue kwa kimeng'enya, nayo hujikunja na kusinyaa ukiishika. Ya fibrini inabebwa pamoja na kitanda chake, na mwili unakiyeyusha wenyewe ikishabandikwa kwenye kidonda. Timu ikachagua fibrini kwa sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Ukisoma taarifa hiyo iliyochapishwa mwaka 2017 utagundua kwamba ngozi yote ile ilitunzwa na idadi ndogo ya seli shina zenye maisha marefu. Ukizipoteza hizo wakati wa kuotesha, shuka itashika vizuri mwezi wa kwanza kisha itachakaa. Kwa hiyo kipimo cha kazi nzuri ni seli shina ngapi zimebaki ndani ya shuka, hata kama nyingine ina seli nyingi zaidi.

Katika kuiga magonjwa pia seli hizi zina nafasi yao. Mwaka 2009 Toshiro Sato katika maabara ya Hans Clevers, Uholanzi, aliotesha utumbo mdogo sana kutoka seli shina moja ya utumbo wa panya: oganoidi, yaani kiungo kidogo cha maabarani, yenye mikunjo yake na aina zote za seli zinazotakiwa. Kufikia mwaka 2013 Waholanzi walikuwa wakitumia oganoidi za utumbo mpana wa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mfereji wa chumvi wa seli, kupima dawa. Kipimo chenyewe ni chepesi kukielewa: unaongeza kemikali ya foskolini, na oganoidi yenye mfereji wa chumvi unaofanya kazi inavimba kwa kujaa maji ndani ya saa chache, ya mgonjwa haivimbi, mpaka dawa inayomfaa iwekwe. Mgonjwa mwenye mabadiliko ya jeni adimu, ambaye hatapata kamwe jaribio kubwa la watu mia, anaweza kujulikana kwa njia hiyo kama dawa itamsaidia.

Oganoidi ya iPS au ya tishu?

Oganoidi ya tishu inatoka kwenye kipande cha nyama, inaanza kuonekana ndani ya wiki moja, na ni ya mtu mzima kwa tabia. Lakini ina tabaka la juu tu la kiungo: haina misuli, neva wala kinga. Oganoidi ya iPS inaweza kuwa na mchanganyiko zaidi, na inakufikisha mahali ambapo hakuna daktari atakayekukatia kipande, yaani ubongo na moyo. Ubaya wake ni kwamba inabaki changa. Seli za moyo zitadunda kwenye sahani, lakini mpangilio wake na namna zinavyotumia nishati vinafanana na vya kijusi. Ugonjwa wa uzeeni utauiga kwa shida. Ugonjwa unaompata mtoto akiwa tumboni utauiga vizuri sana.

Zika ndiyo mfano wenyewe. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na kwa miongo kilihesabiwa kuwa homa ndogo. Kilipoingia Brazili na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, ilibidi ithibitishwe kama ndicho chanzo. Oganoidi za ubongo zilikuwa tayari: Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich wa Vienna walikuwa wamezitengeneza mwaka 2013, na wakaonyesha kwamba zinazotoka kwa mgonjwa mwenye kichwa kidogo cha kurithi hukua kwa udogo pia. Mwaka 2016 Patricia Garcez na wenzake wa Rio de Janeiro waliziambukiza oganoidi Zika, zikapungua ukuaji kwa asilimia 40. Virusi vya denge, ndugu wa karibu wa Zika, havikuleta madhara hayo. Panya wa kawaida hawangeweza kutoa jibu hilo kwa haraka namna hiyo.

Kwa magonjwa ya kwetu milango iko wazi. Kriptosporidiamu, kimelea kinachoharisha watoto wadogo, kimeoteshwa mzunguko wake mzima ndani ya oganoidi za utumbo na mapafu mwaka 2018. Hatua ya malaria ya kwenye ini imeigwa ndani ya seli za ini zilizotokana na iPS tangu mwaka 2015. Lakini koo nyingi za iPS zilizomo kwenye hifadhi za dunia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Dawa zikianza kuchujwa kwa seli hizo, na sheria ya Marekani ya Desemba 2022 imeshaondoa sharti la lazima la kupima kwa wanyama, watu ambao jeni zao hazimo kwenye sahani watakuwa wamesahauliwa tangu hatua ya kwanza. Ukipata nafasi ya kutengeneza koo chache kutoka kwa wagonjwa wa hapa, kwa ridhaa inayoeleza wazi kwamba seli zitaishi miaka mingi na huenda zikavuka mipaka, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko makala tatu.

Kiunzi: kitanda kinachoongea na seli

Mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher walichukua seli za mesenkaima za aina moja wakaziweka kwenye jeli zenye ugumu tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), zilielekea kwenye umbo na alama za neva. Kwenye ugumu wa msuli, kilopaskali 8 hadi 17, zikaelekea msuli. Kwenye kilopaskali 25 hadi 40 zikaelekea mfupa. Chupa ya plastiki tunayoitumia kila siku ni ngumu mara maelfu kuliko hizo zote. Kwa hiyo kila unapokuza seli kwenye plastiki umeshachagua kiunzi, hata kama hukuandika kwenye mbinu zako.

Matrigel ndiyo inayotumika zaidi kwa oganoidi. Hutolewa kwenye uvimbe wa saratani ya panya, na imejaa laminini, kolajeni ya aina ya nne na protini nyingine zaidi ya elfu moja. Seli zinaipenda. Ila kopo la leo na la mwezi ujao havifanani, na kwa kuwa chanzo chake ni uvimbe wa panya, haifai kuingizwa mwilini mwa mtu. Pia ni mateka wa baridi: huyeyushwa usiku kucha kwenye jokofu juu ya barafu, ncha za pipeti nazo zikiwa zimepoozwa, kwa sababu ikipita nyuzi 10 huanza kuganda na ikishaganda hairudi. Umeme ukikatika wikendi na jenereta isiwake, umepoteza kopo zote kwa mkupuo. Kama utaitumia, igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika, na andika namba ya toleo katika kila jaribio.

Kolajeni ya aina ya kwanza, mara nyingi kutoka mkia wa panya, ni ya bei nafuu na inakaa kwenye jokofu la kawaida. Inakuja ikiwa kwenye asidi. Unaichanganya na midia na sodiamu haidroksaidi kidogokidogo, ukitazama rangi ikitoka manjano kwenda waridi, kisha ndani ya nusu saa hivi kwenye nyuzi 37 inashikamana. Inafaa ngozi, misuli na vidonda. Shida yake ni kwamba seli huivuta mpaka inasinyaa, na ni laini mno kwa mfupa. Fibrini nayo inajiunda ukikutanisha fibrinojeni na thrombini, inaweza kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, na imeshapita kwenye miili ya watu. Kwa kazi yoyote ya kufunika kidonda ningeanza nayo, nikijua kwamba huyeyuka ndani ya siku chache na lazima seli ziwe zimeshajenga kitu chao kufikia hapo.

Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, nayo hugandishwa kwa kalisiamu: dondosha matone yake kwenye maji ya kloridi ya kalisiamu na kila tone linakuwa shanga yenye seli ndani. Unga wake unakaa kabatini bila umeme. Ila seli haziwezi kuishika mpaka uiunganishe na kipande cha protini kiitwacho RGD. Wengi hufikiri mwani wa Zanzibar unaweza kutumika hapa. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Eucheuma na Kappaphycus, ni mwani mwekundu unaotoa karaginani, ambayo ni jeli tofauti. Karaginani nayo inachunguzwa kama kiunzi, na kwa mtafiti wa pwani hilo ni swali zuri zaidi kuliko kuagiza aljineti kutoka mbali.

Jeli za PEG, polima ya kutengenezwa, hutoka kwenye kemikali tupu: unaweka ugumu unaoutaka, protini unazozitaka, na hakuna cha zaidi. Mwaka 2016 kundi la Matthias Lutolf wa Uswisi lilizitumia kuonyesha kwamba seli shina za utumbo zinataka kitanda kigumu kiasi zikiwa zinaongezeka, kisha kitanda laini chenye laminini zinapojipanga kuwa oganoidi. Matrigel isingeweza kulifichua hilo. Ni chaguo la swali la ndani, na linahitaji mkemia aliye karibu. Kwa mfupa tumia keramiki za kalisiamu fosfeti, na ukihitaji kiunzi kinachobeba mzigo changanya na polima kama PCL, ambayo hukaa mwilini zaidi ya miaka miwili kabla ya kuisha.

Jambo moja halirekebishwi na kiunzi chochote: oksijeni husafiri ndani ya tishu kiasi cha mikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye mshipa. Kitu kinene kisicho na mishipa ya damu hufa katikati. Mwaka 2011 daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini, akiwa Taasisi ya Karolinska, Sweden, alimwekea mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland koo la hewa la plastiki lililolowekwa seli za uloto wake. Dunia ilishangilia. Kijana huyo alifariki Januari 2014, na wengine waliowekewa makoo ya aina hiyo wakafariki pia. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka 2 na miezi 6. Seli hazikuwa zimeujenga ukuta wowote hai juu ya plastiki ile, na ushahidi wa wanyama wa kuruhusu operesheni hizo haukuwepo. Kila ninaposoma andiko linalosema kiunzi "kitajazwa na seli na kuwa kiungo", namkumbuka kijana huyo, na ninadai nioneshwe damu itapita wapi.

Ukiwa na swali hili, anza hapa

Ugonjwa wa kurithi wa ubongo, moyo au figo: iPS ya mgonjwa pamoja na jozi yake iliyosahihishwa, Matrigel kwa kuanzia. Nenda kajifunze mahali penye watu wa kupokezana zamu, urudi na koo zilizogandishwa; nitrojeni ya kimiminika si ngeni kwetu, vituo vya uhimilishaji wa ng'ombe kama cha Usa River huko Arusha vimehifadhi mbegu kwa nitrojeni hiyo kwa miongo.

Maambukizi ya utumbo au mapafu, au kupima dawa kwa mgonjwa mmoja mmoja: oganoidi za tishu. Mpate daktari wa endoskopi, anayeweza kukukatia vipande vya tishu kwa mrija wa kamera, kabla hujaagiza midia.

Mfupa na gegedu: mesenkaima kutoka kwa wachangiaji kadhaa, keramiki au kolajeni, na vipimo vya nguvu ya tishu pamoja na vile vya alama za seli.

Moto na vidonda vikubwa: seli za ngozi ya mgonjwa juu ya fibrini. Kwa hospitali zetu zenye wodi zilizojaa watoto walioungua kwa maji ya moto na uji, huu ndio mradi ningeupa hela ya kwanza.

Selimundu: kwa tiba, huhitaji kiunzi wala iPS. Ni seli shina za damu, ama za ndugu anayelingana, kama inavyofanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ama za mgonjwa mwenyewe zilizohaririwa jeni, kama Casgevy iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 huko Marekani. Palipobaki kazi ya mtafiti ni kutafuta njia ya kuhariri seli hizo zikiwa ndani ya mwili, bila kemikali kali za kuufuta uloto kwanza, kwa bei ambayo bima ya afya ya Tanzania au Kenya inaweza kuibeba.